Fonti ya mwandiko wa mkono kwa kibao na menyu ya mkahawa Lamu, mnasemaje?

Bint_Langoni:
Assalam aleykum wapendwa. Nina swali la fonti na naomba msinicheke. Mamangu mdogo anafungua kijimkahawa huku Langoni, ndia ya ndani si ya pwani, asubuhi chai na mahamri kwa mbaazi, mchana wali wa nazi na samaki wa kupaka, jioni viazi vya karai na kaimati. Mie ndiye "mtu wa kompyuta" kwetu kwa hiyo kibao, menyu, stika za chupa za juisi na picha ya WhatsApp ya biashara vyote vimeniangukia mie. Yeye anachotaka ni kimoja tu, maandishi yaonekane kaandika mtu kwa mkono wake, "sitaki maandishi ya ofisi ya chifu" ndio maneno yake.

Nimeandika kila kitu kwa fonti iitwayo Pacifico. Jina peke yake mashallah linapendeza, lakini menyu ikiwa ukurasa mzima macho yanachoka na sielewi kwanini. Kakangu akasema weka herufi kubwa tupu zionekane vizuri, imekuwa balaa. Halafu kuna kitu kinanikera zaidi ya vyote, nikibadilisha fonti mara ya kwanza naona kweli huu mkono wa mtu, nikiiangalia kidogo tu naona hapana hii ni kompyuta inajifanya mtu. Kwanini inakuwa hivyo? Na hizi fonti haswa kazi yake ni wapi, wapi zisiguswe, na ya bure naweza kuitumia kwa biashara ama nitakuja kudaiwa?

Fundi_Stika_MLD:
Waaleykum salaam dada. Mie nakata stika na kuchapa mabango hapa Malindi kwa hiyo nitasema ya fundi, ya usanii nawaachia wenyewe. Kwanza hiyo menyu toa Pacifico leo leo. Fonti ile ni ya maneno mawili matatu, jina la duka, "karibu", "chai moto", basi. Ni nene, imeungana herufi kwa herufi, kila neno linataka liangaliwe lenyewe, sasa ukiipa ukurasa mzima maneno yote yanagombania macho ya mteja na mteja kaja na njaa zake.

Kiswahili chetu nacho kina yake. m, n, u na w kwenye mwandiko wa kuungana zote ni vilima tu, andika MUMUNYE kwa herufi ndogo kwa fonti yoyote ya kuungana halafu mpe mtu asiyejua leo mmepika nini, atahesabu vilima mpaka chai ipoe. Nunua, umeme, mwanamume, yote hayo hayo. Kwa hiyo vyakula na bei andika kwa fonti ya kawaida iliyosimama wima, fonti ya mkono iache juu kwenye jina na labda kwenye vichwa, Asubuhi, Mchana, Jioni. Na namba ya till tafadhali usiiandike kwa mwandiko hata siku moja, 1 na 7 zinafanana kwenye nyingi ya hizi fonti, pesa ya mamako mdogo ikienda kwa till ya mtu mwingine utaitafuta mpaka uchoke.

Herufi kubwa tupu kakako kakudanganya. Herufi kubwa za fonti hizi zimechorwa zianzishe neno, kila moja ina mkia na mbwembwe zake na haiungani na jirani, ukizipanga KARIBU zote kubwa mikia inagongana na neno halisomeki.

Sasa la stika, hili ndilo linanitoa jasho kila wiki. Kwenye fonti ya kuungana kila herufi ni umbo lake na imemlalia mwenzake kidogo pale zinapokutana. Kwenye skrini huoni kitu maana rangi ni moja, lakini kisu cha mashine kinafuata mzunguko wa kila herufi, kinapita hata pale zilipolaliana, ukija kubandua jina linatoka vipande vipande. Kwa hiyo kabla hujanitumia mtu yeyote faili, geuza maandishi yawe mistari halafu uyaunganishe yawe umbo moja, kwenye programu ya kuchora ya Corel ni Weld, kwenye Inkscape ingia Path utaona Union. Na usiachanishe herufi ati jina lijaze kibao, ukiongeza nafasi katikati viungo vinakatika, kila herufi inabaki inanyoosha mkono na hakuna wa kuushika. Kama nafasi ni kubwa kuza maandishi yote, usiyavute.

Unene pia. Mstari mwembamba wa kalamu kwenye stika ndogo ya chupa unabanduka, haswa chupa ya ukwaju ikitoka kwa friji na jasho lake. Kwa chupa chagua ya brashi, si ya kalamu.

Mwana_wa_Barani:
Mie naomba kutofautiana na nyote. Hizi fonti zimechosha wallahi. Tembea hapa Malindi uone, duka la juisi Pacifico, saluni Lobster, fonti nyingine ya mwandiko, chumba cha kukodisha Lobster tena, mtu anauza maji ya madafu ufukweni kajiandikia Pacifico kana kwamba ameisajili yeye. Mwandiko wa mkono maana yake ni wa mtu mmoja, sasa ukiwa kwa kila ukuta ni mwandiko wa nani? Mtafute mchoraji wa mashua amwandikie mamako mdogo kwa brashi na rangi ya mafuta, Lamu mafundi wa kuandika majina ya vyombo wapo, kwisha maneno.

Fundi_Stika_MLD:
@Mwana_wa_Barani kibao sawa nakubali, tena rangi ya mafuta kwa chumvi ya bahari itadumu kuliko stika yangu, nakupa hiyo. Lakini chupa za juisi kila wiki nazo zitaandikwa kwa brashi? Na menyu ikibadilika bei? Anahitaji faili yakhe.

Msanifu_wa_Shela:
Bint_Langoni swali lako la "kompyuta inajifanya mtu" ndilo tamu kuliko yote na hakuna aliyelijibu, acha nijaribu.

Andika "samaki wa kupaka" kwa kalamu kwenye karatasi. Ina a tano na k tatu. Angalia a zako, hata mbili hazifanani, ya kwanza imefunga, ya mwisho umeivuta mkia kwa sababu neno limeisha, ile ya "wa" imebanwa. Sasa andika hayo hayo kwa fonti, a tano ni a moja imepigwa muhuri mara tano. Jicho halijui kwanini lakini linajua. Mwingereza kwake shida hii ni ndogo maana irabu zake zinachanganyika, sisi kila silabi karibu inaishia na irabu na a ndio imejaa kote, mahamri, kaimati, maharagwe, halafu kuna maneno ya irabu mbili mbili kama kaa na maandazi, pale aa zimekaa bega kwa bega pacha kabisa, uongo unajitoa wenyewe. Kwa hiyo ukichagua fonti ya mwandiko kwa Kiswahili usiijaribu kwa lile neno la Kizungu wanaloweka kwenye maonyesho yao, iandikie kaa na maandazi uone inavyojitetea.

Dawa ipo. Fonti nzuri za siku hizi zina maumbo zaidi ya moja kwa herufi moja, na zina kanuni ndani yake za kubadilisha umbo kulingana na herufi ilipokaa kwenye neno na jirani zake. Caveat ya Pablo Impallari ni mfano, ya bure kwenye Google Fonts, herufi zake zinabadilika kidogo kidogo kulingana na zilipokaa. Lakini lazima programu iwe imeruhusu, kwenye Word kwa mfano fungua dirisha la Font, nenda Advanced, uwashe Use Contextual Alternates. Watu wengi wanashusha fonti nzuri halafu hawawashi hicho kitu halafu wanasema fonti mbaya.

Na ujue kwamba si zote zinazoitwa za mwandiko ni ndugu. Kuna zile za kadi ya harusi, nyembamba na nene kwa zamu, zimeinama kwa adabu, hizo zinatokana na kalamu ya ncha ya wino ya makarani wa zamani, hizo hazifai mkahawa wa mahamri utafikiri mmealikwa ikulu. Unazotaka wewe ni za kawaida, za haraka haraka, hizo ni mtoto wa matangazo ya biashara hasa miaka ya 1930 mpaka 1950, wachoraji wa mabango walikuwa wanaandika kwa brashi na viwanda vya herufi vikataka kuuza mkono huo kwa herufi za kuchapia za madini ya risasi. Brush Script ya Robert E. Smith ni ya 1942, utaiona mpaka leo kwenye vibao vya vinyozi. Na ninayoipenda mie ni Mistral, Roger Excoffon, 1953, kiwanda cha Olive pale Marseille. Aliichora kutoka kwa mwandiko wake mwenyewe, na kazi aliyofanya ni kuhakikisha kila herufi ndogo inatoka na kuingia kwa nyenzake pale pale bila kuonekana kiungo, kwa vipande vya risasi, hakuna kompyuta hapo! Jina lenyewe ni la upepo wa kusini mwa Ufaransa, sisi watu wa kaskazi na kusi tunamwelewa kabisa huyo bwana.

Pacifico yenyewe ni ya Vernon Adams, 2011, aliichukua kutoka utamaduni wa wateleza mawimbi wa Marekani wa miaka ya 1950. Ndio maana ina harufu ya ufukweni na ndio maana Mwana wa Barani anaiona kila mahali huko Malindi, haikukosea njia, imezaliwa pwani, ila pwani ya wengine. Mkahawa wa ndani ya mji wa Langoni na wateja wake wa asubuhi ni wazee wanaotoka kuswali, mie nisingeipa hiyo sura.

Jambo la mwisho kwako la kibao. Lamu tunatembea kwa miguu, ukinyoosha mikono kwenye ndia zetu unakaribia kugusa kuta zote mbili, kwa hiyo msomaji yuko karibu sana na maandishi membamba yanasomeka vizuri kuliko barabara ya tuktuk ya wenzetu. Lakini hatari ni kwamba kibao kilicholala ukutani mtu anakiona kwa ubavu akiwa anakuja, na mwandiko ulioinama ukiuangalia kwa ubavu unajikunja, herufi zinapandana. Kitoe kibao nje ya ukuta kikabili watu, kidogo tu, kwa urefu ambao mtu aliyebeba gunia kwa punda hatakipiga kichwa.

Sele_Maweni:
Na Comic Sans je 😂

Msanifu_wa_Shela:
@Sele_Maweni Comic Sans haijaungana lakini ni ya familia hiyo hiyo ya kujifanya mkono. Vincent Connare aliichora Microsoft 1994 kwa ajili ya programu ya mbwa wa katuni aongee, maandishi ya mbwa yalikuwa Times New Roman akaona haiingii akilini. Pale ilikuwa sawa kabisa. Shida ni ilipotoka pale ikaenda kwa tangazo la msiba na barua ya shule. 2012 wanasayansi wa CERN, ile maabara ya fizikia ya Ulaya, walipotangaza wamepata ile chembe ya Higgs, mmoja wao Fabiola Gianotti alionyesha matokeo kwa Comic Sans, dunia ikaacha chembe ikashika fonti. Kwa hiyo mkono una mahali pake, ukiuweka mahali pa heshima watu wanasikia mtu anacheka kwenye matanga.

Khati_Mkomani:
Waanangu nimewasoma nyote, mwasema mambo ya Wafaransa na Wamarekani na hapa hapa Lamu jambo hili ni la chuoni, kila aliyepita mbele ya mwalimu na ubao alijua. Khati haikuwa moja. Naskhi ni ya msahafu na vitabu, kila nukta mahali pake, mtu asome asikosee. Thuluthi ni ya mapambo, juu ya mlango wa msikiti, herufi ndefu zimesukana, huisomi haraka na haikukusudiwa usome haraka. Na ruqaa ndio khati ya mkono wa kila siku, barua, hesabu ya dukani. Tazama ruqaa ifanyavyo, nukta mbili mwandishi hazitii moja moja, apiga kistari kimoja, nukta tatu zawa kijipembe, meno ya sini yanyooka yawa mstari. Mkono una haraka na haraka yake ndio sura yake. Hiyo mnayoiita fonti ya kawaida ya mwandiko ni ruqaa ya herufi za Kizungu, na yule atiaye menyu nzima kwa Pacifico ametia thuluthi kwenye hesabu ya sukari na unga.

Na hayo ya herufi kubadilika ilipokaa, Msanifu ameyaeleza kama kitu kipya cha kompyuta. Herufi ya Kiarabu tangu hapo ina sura ya mwanzo, ya katikati, ya mwisho na ya peke yake. Haa ya mwanzo na haa ya mwisho mtoto wa mwaka wa kwanza adhani ni herufi mbili. Mababu zetu waliandika Kiswahili kwa herufi hizo tendi nzima nzima na hakuna a wala b iliyofanana na nduguye. Wazungu wameifikia juzi.

Kuna neno jingine. Leso zenu mzitazame, jina la leso laandikwa kwa herufi kubwa zilizonyooka, halina mkia wala pambo, kwa sababu mwenye kulisoma yuko nyuma yako na wewe wenda. Maneno yenyewe yana makali ya kutosha, hayahitaji kupambwa. Basi vitu ambavyo mtu avisoma akipita, bei, saa za kufungua, "tumefunga", fuateni leso.

Bint_Langoni:
Jazakallah kheir nyote, ami Khati umenimaliza kabisa na hiyo thuluthi kwenye hesabu ya unga 😂 nimemsomea mamangu mdogo kacheka hadi kaweka chini kinu.

Nimejaribu la Msanifu. Nimeandika "kaa wa nazi" na "maandazi" kwa fonti zote nilizonazo nikazipanga, kweli aa inaumbua, kuna moja niliyokuwa naipenda sana kwenye "kaa" imeonekana kama magurudumu mawili ya baiskeli. Caveat baada ya kuwasha ile kitu imetulia ila kwa kibao naiona nyembamba.

Sasa nimepata wazo jingine. Mamangu mdogo khati yake ya Kiarabu ni nzuri sana, alisoma chuoni na bado anaandika, ila herufi za Kizungu anaandika kwa shida anasema mkono unakataa. Nataka jina la mkahawa aliandike yeye mwenyewe kwa mkono wake, kwa Kiarabu juu na Kiswahili cha kawaida chini, halafu nilitumie hilo hilo kwa kibao na stika. Inawezekana? Na chini yake niweke fonti gani isigombane na mkono wake? Na lile swali la leseni bado.

Mwana_wa_Barani:
Haya ndiyo niliyokuwa nasema tangu mwanzo ila mkanirukia. Mkono wa mtu mmoja!

Msanifu_wa_Shela:
Inawezekana na ni bora kuliko fonti yoyote tutakayokutajia. Excoffon alifanya hivyo hivyo, tofauti ni kwamba yeye alihitaji alfabeti nzima iungane kwa kila namna, wewe unahitaji jina moja tu kwa hiyo kazi ni ya jioni moja.

Chini yake usiweke fonti nyingine ya mwandiko, hapo ndipo watu wengi wanaharibu, mikono miwili ya watu wawili kwenye kibao kimoja na mmoja wao ni wa uongo, wa kweli utamuaibisha. Weka fonti iliyosimama, isiyo na mikia, herufi za wastani, imwachie yeye nafasi. Menyu vile vile. Na kama herufi zake za Kizungu ni ngumu ngumu usimlazimishe azipambe, aandike polepole kwa marka nene, ugumu wenyewe una ukweli ndani yake na mteja ataona. Mie ningeacha hata herufi moja iliyopanda juu kidogo ya mstari.

Leseni, fonti nyingi za Google Fonts zina leseni huria ya SIL, unaruhusiwa kuzitumia kwa biashara, kibao, stika, fulana, chochote, kisichoruhusiwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake. Hatari iko kwenye tovuti nyingine za fonti za bure, soma pale chini, nyingi zimeandikwa ni kwa matumizi binafsi tu, maana yake kadi ya birthday ya mwanao sawa, stika ya juisi unayouza hapana mpaka umlipe mwenyewe. Maandishi ya mamako mdogo ni mali yake, huko hudaiwi na mtu.

Fundi_Stika_MLD:
Kwa kuchora, chukua karatasi nyeupe isiyo na mistari na marka nyeusi nene, aandike jina mara nyingi nyingi bila kusimama, ya mwanzo mwanzo mkono huwa umekaza, zikija zile za katikati ndio anasahau kwamba anaangaliwa. Asijaribu kuifanya nzuri. Chagua moja nzima, usichukue herufi hapa na nyingine pale ukaunga, utarudi kule kule kwenye kompyuta inayojifanya mtu.

Piga picha mchana karibu na dirisha, usitumie taa ya simu itaacha kivuli, simu iwe sambamba na karatasi kabisa, au kama kuna mahali pa skana hapo mjini ni bora zaidi. Kwenye Inkscape kuna Trace Bitmap, itageuza wino uwe umbo. Ikishatoka angalia pembeni, mara nyingi inaacha vidoti vidogo vya uchafu, vitoe la sivyo kisu changu kitavikata vyote na nitakutukana kimoyomoyo. Zile nukta za Kiarabu usizifanye ndogo sana kwa stika ya chupa, nukta ndogo ndiyo ya kwanza kubanduka na ikibanduka ba imekuwa kitu kingine, ami Khati hapo atanisaidia.

Ukimaliza hifadhi PDF, maandishi yote yakiwa yamegeuzwa mistari, na ukinitumia kwa WhatsApp tuma kama dokumenti usitume kama picha, picha inabanwa kule njiani inafika imekuwa ukungu halafu mteja anasema fundi ndiye mbaya.